Neno Ambalo Sikukaa Kulisikia

Katika miaka yangu ya uchungaji pale Voi nilisifiwa kwa jambo moja kuliko mengine yote: kutembelea watu. Mahubiri yangu yalikuwa ya kawaida tu, na sauti yangu ya kuimba iliwafunza waumini uvumilivu. Lakini kwa ziara hakuna aliyenifikia. Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambamo niliandika kila nyumba ya parishi, kuanzia mitaa ya mjini hadi makanisa madogo ya kando ya barabara ya Taveta, na kila nyumba niliyoitembelea niliitia alama ya vema. Mwisho wa mwaka nililifungua mbele ya wazee wa kanisa, nao wakanipigia makofi. Nilipenda makofi. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani.

Sasa nimestaafu. Naishi milimani, si mbali na Wundanyi, nalima kabichi na maharagwe kwenye matuta, na asubuhi nyingine ukungu huwa mzito hata sioni njia ya kwenda chooni. Mtu aliyestaafu hupata muda wa kufikiri, na mimi sikuomba muda huo. Katika zile alama zote za vema, iko moja niliyoitia bila haki, ya nyumba moja kule Mraru. Ndiyo hiyo inayonifanya niandike.

Kwanza nieleze ziara zetu zilivyokuwa. Siku yake ilikuwa Alhamisi. Jumapili, wakati wa matangazo, katibu alisimama akasema, "Alhamisi hii mchungaji atakuwa kwa mama fulani," na hapo mama fulani akajua ana siku nne. Sikwenda peke yangu. Nilifuatana na kikundi cha kina mama, wazee wawili wa kanisa, na yeyote mwingine ambaye siku hiyo hakuwa na kazi. Tulikuwa kumi, kumi na wawili, wakati mwingine zaidi. Mwenye nyumba alipika chai ya maziwa, chapati, wali, na kuku. Watu walitania kwamba mchungaji akikata kona, kuku wa boma hilo huanza kuagana. Nilicheka utani huo kuliko wote, kisha nikala firigisi, kwa kuwa firigisi ilikuwa yangu bila mjadala.

Kutokwenda peke yangu ilikuwa kanuni niliyofundishwa na mchungaji mzee aliyenilea kazini. "Mchungaji akienda peke yake kwa mjane," aliniambia, "huenda mara moja. Mara ya pili anahamishwa." Ilikuwa kanuni nzuri na bado nasema ni nzuri, maana nimewaona wenzangu walioidharau. Lakini mimi niliipenda kwa sababu nyingine ambayo sikuitaja kwa mtu. Kundi likiwapo, mchungaji halazimiki kusikiliza. Watu wanaimba, yeye anahubiri, wanakula, anaomba, wanaondoka. Unaweza kuzunguka parishi nzima kwa miaka minane bila mtu hata mmoja kukwambia shida yake.

Mama huyu wa Mraru alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye miguu iliyozoea kutembea haraka. Ndiye aliyefagia kanisa letu dogo la hapo na kupanga mabenchi. Mimi nilifika kanisa hilo mara moja kwa mwezi. Jumapili moja, watu walipokuwa wanasalimiana nje, alinishika mkono wala hakuuachilia.

"Mchungaji, nataka uje kwangu."

"Tutakuja, mama."

"Sio nyinyi. Wewe. Si hii kundi yako."

Nilicheka. Nikamuuliza kuna nini.

"Nina neno juu ya binti yangu," akasema. "Sitaki kufa nalo."

Habari ya binti yake ilijulikana na kila mtu Mraru, hata mimi wa mjini nilikuwa nimeisikia. Alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Alikwenda kuishi na mwanamume wa kutoka bara aliyekodi shamba la kunyweshea huko Mboghoni, upande wa Taveta, akilima ndizi na nyanya. Hakuna mtu wa upande wa mwanamume aliyekuja kukaa na wazazi na kuzungumza. Baba akaugua, akafa, na binti akafika siku mbili baada ya maziko. Wengine walisema simu yake ilikuwa imezimwa, wengine walisema ni yule mume aliyemzuia. Mama hakutaka kujua ni lipi. Alimkuta binti uani ameketi, jirani amempa kikombe cha maji, naye akakichukua kile kikombe mkononi mwake, akayamwaga maji chini mbele ya watu wa matanga. Akamuuliza, "Umekuja kuona nini?" Binti akarudi Mboghoni siku hiyo hiyo. Ikapita miaka minne bila mmoja kumwona mwenzake, na katika miaka hiyo mimba mbili za binti ziliharibika, zote zikiwa zimeshajulikana na watu.

Watu wa kwingine wangesema ni bahati mbaya, nenda kliniki. Sisi Wadawida, watu wa milima hii, tunakwenda kliniki, tena mapema, lakini tukirudi tunaulizana kimya kimya: ni nani ana uchungu moyoni? Wazee wetu waliamini kwamba uchungu wa mzazi, hata asipoutamka, humfikia mtoto. Njia ya kuuondoa iliitwa kutasa. Mzazi hutia kinywani maji, au maji ya muwa, akayapuliza nje kidogo kidogo, na kati ya funda moja na jingine hutamka kwa maneno yake mwenyewe kwamba uchungu umetoka na mtoto awe salama. Mpaka ayatamke, hakuna kitu. Nyanya yangu alinifanyia mimi nilipokuwa naondoka nyumbani kwenda kusomea uchungaji, maana nilikuwa nimemjibu vibaya wiki hiyo. Kisha nikarudi na kola shingoni na kuhubiri kwa miaka mingi kwamba kutasa ni giza. Waumini waliitikia amina. Wakaacha kutasa mbele yangu, lakini kuogopa moyo wa mzazi hawakuacha, na mimi pia sikuacha.

Kwa hiyo mama aliponiambia ana neno juu ya binti, nilihisi anataka nini. Alitaka alitoe mbele ya mchungaji, pengine na maji kinywani, ili mtu asije akasema amerudi nyuma. Nikaogopa. Niliwaza wazee wa kanisa watasema nini wakisikia mchungaji alisimama pale mjane akipuliza maji. Sikumwambia naogopa. Nilimwambia ile kanuni.

"Mama, mchungaji hatembei peke yake. Tutakuja Alhamisi, tukae vizuri."

Akauachilia mkono wangu. "Haya, njooni," akasema. "Lakini mnipe nafasi nijitayarishe."

Ikatangazwa. Siku mbili kabla ya ziara alinitumia ujumbe kupitia simu ya jirani kwamba ndovu wametoka mbugani, wamemaliza mahindi na kuangusha ghala, tusogeze mbele. Tukasogeza. Ikatangazwa mara ya pili, na mara ya pili akaomba tena, kwamba kuku aliyemweka kwa ajili yetu amechukuliwa na nguchiro. Hapo nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, hasa ratiba yangu ikiguswa. Niliandika kwenye daftari, "Hayuko tayari," na nikamwambia mke wangu kwamba mtu mwenye neno zito kweli angenikaribisha hata kwa strungi, chai isiyo na maziwa. Mke wangu aliniuliza ni lini mara ya mwisho mtu wa parishi hii alithubutu kunipa strungi. Nikalifunga daftari.

Ilipotangazwa mara ya tatu, tulikwenda. Majirani walikuwa wamemchangia: mmoja kuku, mwingine mchele, mwingine sukari. Tulikuwa watu kumi na tano pamoja nami. Uwanja ulikuwa umefagiliwa na kunyunyizwa maji ili vumbi jekundu litulie, na mabenchi ya kanisa yalikuwa yamebebwa mpaka pale. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ya mabati, na joto la Mraru mnalijua wenyewe. Mama alikuwa jikoni. Alikuwa jikoni tulipofika, alikuwa jikoni tulipoimba, na nilipohubiri nilisikia anakohoa moshi nyuma ya ukuta. Nilihubiri juu ya kusikilizana. Nadhani nilihubiri vizuri, kwa sababu kina mama walitikisa vichwa na mmoja alitoa leso.

Kisha tukala. Alikuwa amepika kila kitu, na juu ya hayo kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, kwa kuwa mtu alimwambia mchungaji hukipenda. Alikipakua mwenyewe akaniwekea mbele. Mikono yake ilinuka vitunguu na moshi. Nikamwuliza kwa nini haketi. "Nitakaa," akasema, akarudi jikoni kuleta maji ya kunawa. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda kumi na tano, na mwenyeji aliponea jikoni.

Ziara zetu zilikuwa na nafasi yake maalumu ya mwenye nyumba kuzungumza, karibu na mwisho, kabla ya sala ya kufunga. Nilifuta midomo, nikasema kwa sauti ya mikutano, "Sasa tumsikie mama mwenye nyumba. Mama, una neno?"

Alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kanga. Alinitazama mimi kwanza. Halafu akamtazama mwenyekiti wa kina mama, aliyekuwa ameketi karibu yangu, mama mnene mwenye sauti kubwa. Huyo alikuwa wifi yake, dada ya marehemu mumewe, na ndiye aliyeapa kaburini kwamba binti aliyekosa maziko ya baba yake hataingia tena boma hilo. Nilikuwa najua. Nilijua ni wifi yake, nilijua alichoapa, na bado nilimleta hadi pale, akala, na nikamuuliza mama kama ana neno.

"Nashukuru mmekuja," mama akasema. "Mungu awabariki." Akaketi kwenye kizingiti cha mlango. Nikaomba, watu wakaitikia amina, mabenchi yakaanza kukusanywa.

Tulipokuwa tunaelekea barabarani alinifuata haraka haraka, akanivuta shati nyuma.

"Mchungaji, sijasema."

Niligeuka. Wenzangu walikuwa wametangulia hatua chache, wifi yake akicheka na mtu. Ingetosha kuwaambia watangulie. Tungeweza kusimama pale pale, mbele ya macho ya kila mtu, mbali na masikio yao, na hiyo kanuni yangu isingevunjika hata kidogo. Hayo nimeyafikiri leo, nikiwa na jembe mkononi. Siku ile nilikuwa nimeshiba na jua lilikuwa kali.

"Nitapita, mama. Wiki ijayo nitapita."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

Jioni nililifungua daftari nikaitia nyumba yake alama ya vema.

Sikwenda wiki iliyofuata. Nilikuwa na pikipiki ya kanisa, na njia ya kwenda makanisa ya mbele ilipita Mraru kwenyewe, mahali ambapo ukigeuza shingo unaliona paa lake. Nilipita mara tano katika miezi minne. Nimezihesabu. Mara moja nilikuwa nachelewa harusi. Mara moja kulikuwa na mvua, na mvua ya kwetu ikija mtu haipuuzi. Mara mbili sikuwa na sababu yoyote. Na mara moja nilimwona mwenyewe, amesimama kando ya barabara na mitungi ya maji. Nilipiga honi nikapunga mkono. Naye aliinua mkono, lakini hakupunga. Alikuwa ananisimamisha. Nimewahi kujidanganya kwamba nililitambua hilo baadaye. Si kweli, nililitambua pale pale, nikaongeza mafuta.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa langu. Mwezi wa tano nilipigiwa simu kwamba mama ameanguka uani, upande mmoja wa mwili umekufa, amepelekwa hospitalini Voi.

Nilikwenda saa ya kuwaona wagonjwa, mchana, nikiwa na mzee mmoja wa kanisa. Kando ya kitanda alikuwa ameketi mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, viatu vyake vina tope lililokauka la mashamba ya kunyweshea. Sikuwa nimewahi kumwona. Alisimama kwa heshima akasema yeye ni binti ya mgonjwa, ametoka Mboghoni alfajiri.

Mama alikuwa macho. Alimtambua binti, hilo sina shaka nalo, maana macho hayakumwacha. Lakini mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, na alipojaribu kusema ilitoka sauti tu isiyo na neno ndani yake. Mkono wake mzima ulikuwa unapanda na kushuka juu ya shuka. Niliutazama mkono ule muda mrefu. Sikuweza kujua kama unamwita binti au unamfukuza.

"Anasema nini, mchungaji?" binti akaniuliza.

"Amekuona," nikasema.

Akainama, akatoa kikombe cha plastiki kwenye mkoba, akakijaza maji ya chupa. "Mchungaji," akasema kwa sauti ya chini, "nakuomba tu umruhusu atase. Najua kanisa haipendi. Mimi nina miezi sita. Hii ni ya tatu."

Nilimtazama mzee wa kanisa. Mzee akatazama dirishani. Na mimi, niliyehubiri miaka yote ile, nilijisikia nikisema, "Fanya, binti yangu. Fanya." Ndiyo mara pekee katika jambo hili nilipofanya linalofaa, na wakati wake ulikuwa umekwisha pita.

Alikuwa amekiinua kikombe hadi kwenye mdomo wa mama yake muuguzi alipopaza sauti kutoka kitanda cha pili. "Usimpe maji! Hawezi kumeza, atapaliwa!" Muuguzi hakuwa na kosa. Alikuja akamweleza kwa upole, akamwonyesha mrija wa kumlishia. Binti aliketi na kikombe mapajani. Tone moja lilikuwa limeshuka kwenye kidevu cha mama, na binti akalipangusa kwa kidole, kisha akakitazama kile kidole.

Niliomba. Niliomba kwa muda mrefu sana, kwa maneno mengi, kama mtu anayelipa kwa wingi kitu alichopaswa kulipa kwa wakati. Mama alifariki siku ya tatu.

Kwenye maziko nilisimama nikamsifu kwa ukarimu wake. Niliwaambia watu jinsi alivyotukaribisha kumi na tano tukala tukashiba. Wifi yake alilia kwa sauti. Binti alisimama nyuma kabisa na mumewe na watu wachache wa Mboghoni, na watu wote walipokwisha kutia udongo ndipo alipokuja akatia wake. Alipopita karibu nami alinisalimia kwa mikono miwili. Nilitamani anitukane.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto alizaliwa salama, msichana, nikafurahi, na nikadhani furaha hiyo itanitosha. Haikunitosha. Miezi ikapita, na siku moja ya wiki, bila tangazo, bila kundi, bila daftari, nilishuka milimani nikaenda Mboghoni peke yangu. Mke wangu aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda ziara.

Nyumba yao iko kando ya mfereji, migomba imeizunguka pande tatu. Alikuwa anachagua nyanya, mbivu huku, za kuiva huku. Mtoto alikuwa anatambaa kwenye mkeka, mnene, mwenye macho ya bibi yake. Binti alinitambua mara moja. Alinitolea kiti, akatandika kitambaa juu ya kistuli, akaleta chai. Tulizungumza juu ya mvua, bei ya nyanya, na afya ya mumewe aliyekuwa shambani. Nikamsifu mtoto.

"Ni mzima," akasema. "Lakini akipata homa tu kidogo, mimi nashindwa hata kupika. Naanza kufikiria mama." Akaweka nyanya chini. "Mchungaji, nilikuwa nataka kukuuliza. Shangazi aliniambia mlikuwa kwa mama kabla hajaanguka. Akasema mlikaa vizuri sana. Si mama aliongea na wewe? Alisema nini juu yangu?"

Huko kushuka kote kutoka milimani nilikuwa nimetunga mambo mengi ya kusema, na swali hilo sikulitarajia, ingawa mtu yeyote mwenye akili angelitarajia. Nilimtazama yule mtoto. Nikaona kwamba nina uwezo wa kumpa mwanamke huyu kitu anachokihitaji, na kwamba hakuna mtu duniani wa kunisahihisha.

"Alisema amekusamehe," nikasema.

Hakushangaa wala hakulia. Alisogea karibu. "Alisema vipi?"

"Kwamba amekusamehe. Kwa moyo wote."

"Kwa Kiswahili ama kwa Kidawida?"

"Kidawida."

"Basi niambie vile alisema. Kwa Kidawida, vile vile."

Kidawida ndiyo lugha niliyoanza kusemea. Nyanya yangu alininenea kwayo maji yakimtoka kinywani, na hadi leo nayakumbuka maneno yake moja moja. Nilifungua mdomo ili niweke maneno katika kinywa cha mama yule, na sikupata hata moja, kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema maneno matatu mfululizo juu ya jambo lolote ila chakula na ndovu. Sikujua hata alikuwa anamwitaje binti yake. Binti alingoja. Alinipa muda mrefu kuliko niliompa mama yake.

"Hakusema," nikamwambia mwishowe. "Nimekudanganya. Aliniambia tu kwamba ana neno juu yako na hataki kufa nalo. Akaniomba nije peke yangu. Nilikwenda na watu, tukala, hakuweza kusema. Nikamwahidi nitarudi. Sikurudi."

Alimwinua mtoto aliyekuwa anaelekea kwenye jiko, akampakata.

"Kwa hivyo alikufa nalo."

"Ndiyo."

"Na hujui lilikuwa neno gani."

"Sijui."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari aliyoijua. Kutoka shambani mumewe aliita jambo fulani kuhusu maji, naye akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikafanya nililofanya katika kila nyumba niliyowahi kuingia: nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikasema, "Tuombe."

"Hapana, mchungaji," akasema. Hakupandisha sauti. "Leo usituombee. Maliza chai yako uende."

Chai ilikuwa bado ya moto. Niliinywa yote, naye alikaa na mtoto wake mapajani akiningoja, kisha nikavaa kofia nikaondoka.